Umri wa mbale si lazima uwe umri wa mwamba unaoibeba

Ni rahisi kudhani kwamba ukishajua umri wa mwamba, umejua pia umri wa mbale, yaani madini yenye metali kama shaba au dhahabu, iliyomo ndani yake. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa vitu hivyo hupatikana pamoja, lakini si sahihi. Mara nyingi metali huletwa na maji ya moto yenye chumvi yanayopenya katika nyufa za mwamba ulioganda zamani, kwa hiyo mshipa wa madini unaweza kuwa na umri mdogo kuliko mwamba huo kwa mamilioni ya miaka.

Ndiyo maana wanajiolojia hupima mbale yenyewe. Njia inayotegemewa sana hutumia molibdenaiti, madini ya molibdeni na salfa, ambayo huambatana na shaba mara nyingi: inapoundwa hunasa metali adimu ya reniamu na karibu haichukui metali nyingine, osimiamu, kabisa, hivyo osimiamu-187 iliyomo leo imetokana na kuoza kwa kinururishi (yaani kujibadilisha kwa atomi) kwa reniamu-187, ambayo huchukua takriban miaka bilioni 42 hadi nusu yake ibadilike. Ni saa ya polepole mno, lakini inasomeka.

Mfano mzuri ni Qulong, eneo lenye mbale ya shaba huko Tibet. Bara Hindi lilianza kugongana na Asia takriban miaka milioni 50 iliyopita, na baadhi ya miamba inayozunguka shaba hiyo ni ya kipindi cha Jura, yaani ina zaidi ya miaka milioni 140. Hata hivyo, molibdenaiti yake ina umri wa miaka milioni 16 hivi. Shaba hiyo haikuzaliwa mgongano ulipoanza, bali muda mrefu baadaye, mabara yakiwa bado yanasukumana.