Bunju, ngisi na degedege la mtoto

Mvuvi wa Tanga akikuta bunju, samaki mwenye sumu, kwenye nyavu, humtupa. Anajua kuwa aliyemla hufa ganzi midomo na ulimi, kisha viungo hulegea na pumzi hukata huku akili ikiwa timamu. Kumpika hakusaidii. Sumu yake, tetrodotoksini, huziba milango ya sodiamu, yaani vitundu vinavyopitisha sodiamu kwenye utando wa seli za neva.

Milango hiyohiyo inatusaidia kuelewa degedege, yaani seli za ubongo kurusha umeme kupita kiasi. Bado wapo wanaosema ni ndege mbaya aliyempitia mtoto juu. Tuangalie ndani ya seli.

Seli ya neva iliyotulia ina umeme hasi wa takriban milivolti 70 upande wa ndani. Milango ya sodiamu ikifunguka, chembe za sodiamu zenye umeme chanya huingia kwa kasi na umeme hupanda. Mara hujifunga, ya potasiamu hufunguka, seli hutulia. Yote hayo ni milisekunde chache tu. Wanasayansi Hodgkin na Huxley walilieleza jambo hili mwaka 1952 kwa kutumia neva ya ngisi, ambayo unene wake hukaribia milimita 1, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Seli changa haina milango yote hiyo. Kwa viluwiluwi vya chura imeonekana kuwa mpando huo wa umeme, seli ikiwa bado changa, ni mrefu na hubebwa zaidi na kalsiamu, kwa kuwa milango ya potasiamu bado michache. Urefu huo si kasoro: kalsiamu inayoingia huielekeza seli namna ya kukua.

Kinachonishangaza hadi leo ni gaba, kemikali ambayo kwenye ubongo wa mtu mzima ni breki. Hufungua milango ya kloridi, kloridi yenye umeme hasi huingia, seli hupoa. Lakini seli changa huwa imejaza kloridi tayari, maana pampu za kuitoa hazijatosha. Mlango ukifunguka, kloridi hutoka, na breki inakuwa kichocheo: seli husisimka badala ya kutulia. Hii ni sababu mojawapo ya fenobabitoni, dawa ya degedege inayotegemea gaba, kushindwa kwa baadhi ya vichanga.

Degedege la homa, la kati ya miezi 6 na miaka 5, mara nyingi hupita bila madhara. Ila wapo wachache waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya mlango mmoja wa sodiamu, ambao hufanya kazi zaidi katika seli za breki, zile zinazotoa gaba. Kwao kabamazepini, dawa ya kifafa inayoziba milango hiyo, inaweza kudhoofisha breki hizo na kuzidisha degedege. Kwa hiyo usimpe mwanao dawa ya kifafa ya mtoto wa jirani.

Mtoto akishikwa, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala maji mdomoni, tazama saa. Zikifika dakika 5 hajaacha, mkimbize hospitali. Akiacha mapema, mpeleke vilevile akapimwe malaria.