Eti ugomvi wa mke na mume hauingiliwi

Jirani akisikia kipigo ukutani, huongeza sauti ya redio. "Mambo ya ndani hayo," atasema, "kesho watapatana." Imani hii ni ya zamani, na inakosea hata kisheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Zaidi ya miaka 50 sasa!

Kuingilia si lazima uvunje mlango. Gonga, omba kiberiti. Mkono ulioinuliwa mara nyingi hushuka mgeni akibisha hodi. Ukiona hatari, ita watu wengine au polisi, usijitose peke yako. Kesho yake muulize mama mwenyewe anataka nini, faragha, kabla ya kukimbilia kwa wazee. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, sehemu inayopokea kesi kama hizi.

Lakini kazi kubwa ya mwanamume iko kijiweni, pale mwenzake anapojisifu kuwa "nimemnyoosha" na wote wanacheka. Kicheko hicho ni kibali. Mjini Kampala, mpango wa SASA! uliwashirikisha wanaume na wanawake katika mazungumzo ya mtaani kwa miaka kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa ukatili wa kimwili wa wapenzi ulikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko maeneo yasiyofikiwa. Waliokuwa wakizungumza ni majirani wa kawaida.