Je, wajua kwa nini mtoto anaweza kuishi na nusu ya ubongo?

Dalili ya kwanza huwa ndogo, na mara nyingi mama ndiye anayeiona. Mtoto wa miezi sita anadaka kila kitu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ameukunja ngumi, kidole gumba kimefichwa ndani. Majirani husema huyu atakuwa wa mashoto. Lakini kwa kawaida mtoto hachagui mkono kabla ya kutimiza mwaka. Anayechagua mapema hivyo, huenda upande mmoja wa ubongo wake uliumia zamani, pengine kabla hajazaliwa. Mshipa wa damu uliziba akiwa tumboni au siku zile za kuzaliwa, na sehemu ya ubongo ikakosa damu, ikafa. Ni kiharusi kilekile kinachowapata wazee, ila yeye kimemkuta bado hajapewa hata jina.

Anakua, anatembea akichechemea kidogo, anaongea. Kisha kifafa kinaanza. Anapewa dawa ya fenobabitoni, anaendelea kuanguka. Anabadilishiwa kabamazepini, anapata nafuu ya majuma machache, halafu mishtuko inarudi, safari hii mara kadhaa kwa siku.

Hapo ndipo madaktari hutamka neno kifafa sugu. Tangu 2010, kipimo kinachotumika duniani ni hiki: dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, zikanywewa kwa kiwango cha kutosha, zikashindwa zote. Kwa nini mbili tu, wakati duka la dawa lina nyingi? Kwa sababu uwezekano hushuka haraka mno. Mwaka 2000, madaktari Patrick Kwan na Martin Brodie wa Glasgow walitoa matokeo ya wagonjwa 470 ambao hawakuwahi kutibiwa. Asilimia 47 walitulia kwa dawa ya kwanza na asilimia 13 kwa ya pili. Waliotulia kwa ya tatu, au kwa dawa mbili kwa pamoja, hawakuzidi asilimia 4. Niseme wazi kwamba dawa iliyokosekana zahanati kwa miezi miwili haijashindwa. Haikunywewa.

Sasa, kovu la zamani linawezaje kuleta mshtuko leo? Kovu lenyewe limekufa, halina umeme. Tatizo liko pembezoni, kwa seli zilizonusurika. Ubongo wenye afya una seli zinazochochea na seli zinazotuliza, na uzima wetu unategemea mizani kati yao. Kando ya kovu mizani hiyo imeharibika. Baadhi ya seli za kutuliza hazipo, na zile za kuchochea zimeota matawi mapya na kuungana ovyo. Siku moja zinawaka zote kwa pamoja. Dawa hutuliza ubongo mzima, pamoja na sehemu zisizo na kosa, ndiyo maana mtoto anasinzia darasani. Uungaji ule mbovu hauugusi.

Dhoruba hii ya umeme haibaki upande wake. Kati ya nusu mbili za ubongo kuna daraja la nyuzi za neva zinazokadiriwa kufika milioni 200, na umeme huvukia hapo kwenda upande ulio salama. Nusu iliyoumia inaiba usingizi, umakini na kumbukumbu za nusu iliyo salama. Kila mwezi wa mishtuko ni mwezi ambao upande mzima haujifunzi ipasavyo, na mtoto hukosa maneno ambayo wenzake tayari wanayasema.

Ndiyo maana jibu la upasuaji, ambalo kwa kulisikia tu linatisha, lina mantiki yake. Mtu mzima akipata kiharusi kikubwa upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi hupoteza usemi, kwa kuwa kwa watu wengi lugha imejenga makao yake huko. Mtoto aliyeumia kabla ya kuanza kuongea hakuwa na cha kupoteza bado. Lugha ilipokuja ilikuta kushoto kumeharibika, ikajenga kulia. Kwa hiyo daktari akiondoa nusu ile mbovu, haondoi usemi, maana usemi ulishahama. Haondoi pia nguvu za mkono ambazo hazikuwepo tangu mwanzo. Ubongo wenyewe ulikwisha kugawa kazi upya, na kisu kinafuata mpaka ambao mwili uliuchora zamani.

Upasuaji wa aina hii ulifanywa kwanza Baltimore na Walter Dandy, aliyeripoti mwaka 1928, lakini yeye alikuwa akitibu uvimbe. Kenneth McKenzie wa Toronto aliufanya kwa ajili ya kifafa mwaka 1938. Ripoti iliyowashawishi madaktari wengi, hata hivyo, ilitoka barani kwetu: mwaka 1950 daktari Krynauw wa Johannesburg alieleza habari za wagonjwa 12 waliopooza upande mmoja tangu utotoni, aliowaondolea nusu ya ubongo. Dunia ikaiga. Baadaye yakaonekana madhara ambayo hakuna aliyeyatarajia. Miaka kadhaa baada ya upasuaji, ndani ya lile pango tupu la fuvu damu ilikuwa ikivuja kidogo kidogo, madini ya chuma yakiganda juu ya ubongo na maji yakijaa kichwani. Kufikia miaka ya 1960 wengi waliuacha.

Aliyeuokoa ni Theodore Rasmussen wa Montreal. Alitambua kwamba nusu mbovu haihitaji kutolewa yote, inatosha kuitenga. Siku hizi daktari hukata daraja na nyuzi zinazoshuka kwenda mwilini, kisha huiacha nusu hiyo ndani ya fuvu, ikipata damu yake kama kawaida, bila njia ya kutuma chochote. Pango tupu halipo tena, na damu inayomwagika ni chache.

Kabla ya kufika huko mtoto hulazwa akirekodiwa kwa kamera huku waya za EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, zikiwa kichwani, ili mshtuko wenyewe uonekane unaanzia wapi, na picha ya MRI, ile inayopigwa kwa sumaku, ioneshe kovu. Vyote vikielekeza upande mmoja, na upande wa pili ukiwa mzima, ndipo mazungumzo na wazazi huanza. Na lazima yawe ya kweli. Mtoto atapoteza nusu ya uwanja wa kuona katika macho yote mawili. Vidole vya mkono ule dhaifu havitafanya kazi za ustadi kama kufunga vifungo. Maji yanaweza kujaa kichwani, akahitaji mrija wa kuyatoa. Kutembea hurudi kwa wengi, kwa kuwa mguu hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo zaidi kuliko vidole. Huko New Delhi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watoto 116 wenye kifafa sugu, wakiwamo waliofanyiwa upasuaji wa kutenga nusu. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 77 ya waliopasuliwa hawakuwa na mishtuko. Kwa waliobaki na dawa peke yake, walikuwa asilimia 7.

Si kila jeraha la utotoni linakubali kisu. Kilifi, watafiti waliripoti mwaka 2004 kwamba kifafa kilikuwepo kwa asilimia 9.2 ya watoto waliowahi kuugua malaria ya ubongo, dhidi ya 2.2 ya wenzao ambao hawakuugua malaria kali. Malaria hiyo mara nyingi huumiza pande zote mbili, na hapo hakuna nusu ya kutenga. Lakini pale kovu linapokuwa dogo, mahali pamoja, hasa kwenye sehemu ya ubongo iliyo ndani ya panja, upasuaji wa kuondoa sehemu hiyo tu umefanyika hata Mbale, Uganda, katika hospitali ya CURE.

Jambo moja bado linanishangaza. Baada ya nusu kutengwa, ukiweka waya za EEG juu yake, wakati mwingine unakuta dhoruba inaendelea kama zamani, mistari ikipanda na kushuka kwa fujo. Na mtoto yuko pale kitandani, anachora kwa mkono wake mzima, hajui chochote.