Wimbo uliochukuliwa poa ni wimbo wa namna gani?

Kwa fundi redio mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, kila Jumamosi mchana kuna ubishi kuhusu Queen, bendi ya roki iliyoanza London mwaka 1970. Mmoja atasema, "Huu wimbo umechukuliwa poa sana." Mwenzake atamrudishia, "Umechukuliwa poa na nani? Mbona kila mtu anaujua?" Nimekaa kwenye benchi lile mara nyingi, na naona swali la huyo wa pili ndilo lenye kiini cha jambo.

Kuchukulia kitu poa ni kukipa uzito mdogo kuliko ule ambao kinao. Kwa hiyo kuna mizani mbili: kazi yenyewe ilivyo, na heshima ambayo watu wameipa. Wimbo usiojulikana bado haujafika kwenye mizani ya mtu yeyote. Na wimbo unaoupenda kwa sababu ulikuwa unapigwa kwenye basi siku uliyoondoka Tukuyu kwenda shule ya bweni, huo ni kumbukumbu yako, utunze. Wimbo uliochukuliwa poa ni ule uliokuwa mikononi mwa watu kabisa, nao wakaupita.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mwaka 1975. Queen walitoa Bohemian Rhapsody kwenye santuri ndogo, ikakaa namba moja Uingereza kwa wiki 9. Upande wa pili wa santuri ileile kulikuwa na I'm in Love with My Car, uliotungwa na kuimbwa na mpiga dramu, Roger Taylor. Kila aliyenunua aliondoka dukani na nyimbo zote mbili, na Taylor akapata malipo ya utunzi sawasawa na Freddie Mercury, mwimbaji mkuu wa Queen aliyetunga Bohemian Rhapsody. Mauzo yalikuwa yaleyale, masikio hayakuwa yaleyale. Waliokulia kwenye kaseti wanalielewa hili haraka: upande A ukiisha, mtu anachukua kalamu anazungusha kuurudisha mwanzo, upande B unabaki mpya miaka na miaka.

Lakini wimbo unaowasha moto Mwanjelwa ni '39, wa Brian May, mpiga gitaa ambaye mwaka 2007 alipata udaktari wa astrofizikia, yaani fizikia ya nyota. Unasimulia wasafiri wa anga waliorudi nyumbani: wao wameongeza mwaka mmoja, duniani imepita miaka 100, na waliowaacha hawapo. May aliuimba mwenyewe. Mwaka 1976 nao ukawekwa upande B.

Hapo ubishi unageuka kuwa wa sauti. Mercury, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, ameyazoesha masikio yetu kitu kikubwa. Watafiti waliochunguza rekodi zake mwaka 2016 walikuta kwamba sauti yake ya kuongea ilikuwa ya baritoni, kati ya sauti ya tatu na ya nne kwa lugha ya kwaya, na kwamba alipoimba, sauti ilitikisika kama mara 7 kwa sekunde, haraka kuliko kawaida ya waimbaji. Anayekuja akisubiri mtikisiko huo, akikutana na sauti nyembamba na tulivu ya May, anadhani amepunjwa.

"Shikamoo mzee, lakini May hana pumzi," kijana mmoja alimwambia mwalimu wa kwaya aliyestaafu. "Jukwaani Mercury aliuimba mwenyewe, na ukapanda."

"Marahaba. Ulipanda, kweli. Ila mwanangu, yule mtu anaongea na watu waliokwisha kufa. Atampazia nani sauti?"

Mimi niko upande wa mzee. Mercury jukwaani anaupamba vizuri mno, lakini upweke wa yule msafiri unapungua. Udhaifu unaolaumiwa katika sauti ya May ndio unaoubeba wimbo, na ndiyo maana nasema huu unastahili kabisa kuitwa wimbo uliochukuliwa poa.

Siwezi kusema hivyo kuhusu Somebody to Love, hata kama kijana analalamika kuwa wenzake chuoni hawaujui. Ulifika namba 2 Uingereza mwaka 1976. Pia wanakwaya wa huku, Wamoravian na Walutheri, hawahitaji kushawishiwa: wanaume watatu wa Queen walijirekodi tena na tena, sauti juu ya sauti, mpaka wakawa kwaya nzima, na anayejua kupanga sauti nne anaitambua kazi hiyo kuanzia mwanzo.

Jumamosi ijayo nitaleta The Prophet's Song. Ni wa dakika 8 na ushee, na katikati vyombo vinanyamaza, Mercury anabaki akifukuzana na mwangwi wake mwenyewe. Umekaa albamu moja na Bohemian Rhapsody, na jirani huyo ndiye aliyeufunika.