Askari bapa wa mbao: ziba pande zote mbili

Askari wa plaiwudi, yaani vinyago vidogo bapa vinavyokatwa kwa leza kwa mchezo wa vita wa mezani, wakipinda wiki moja baada ya kupakwa, usiilaumu rangi. Kosa lilianza mapema: upande mmoja ulizibwa, mwingine ukaachwa wazi. Mbao ya mm 3 ikinywa maji ya rangi upande mmoja hutanuka upande huo, kisha hujikaza inapokauka. Kwa ukavu wa Dodoma kati ya Juni na Oktoba, askari hujikunja kama jani. Pande zote mbili, siku ileile.

Kabla ya hapo kagua bunduki ya kila kinyago. Plaiwudi hii huwa na tabaka tatu, na nyuzi za tabaka la kati hukatiza zile za nje. Bunduki ya upana wa mm 2 iliyolala kinyume na nyuzi za nje inategemea tabaka moja tu, ndiyo maana huvunjika ukimtoa askari kwenye fremu, yaani kipande cha plaiwudi anamokatwa. Dondoshea supaglu nyepesi akiwa bado kwenye fremu, inyonywe, ndipo umkate kwa kisu.

Leza huacha kingo nyeusi. Gundi haishiki vizuri kwenye masizi hayo, na rangi ya kaki ikipita juu yake hutoa madoa ya kahawia. Pitisha msasa namba 240 mara mbili tatu. Ukizidisha, ulimi wa chini ya miguu, unaoingia kwenye kitako cha kumsimamisha askari, hulegea. Futa vumbi kwa brashi kavu, kisha paka sila ya maseremala (dawa ya kuziba mbao) iliyozimuliwa kwa thina, nusu kwa nusu, mikono miwili myembamba, na msasa namba 400 katikati. Wako wanaotumia gundi nyeupe na maji. Inaziba, lakini maji husimamisha nyuzi na kuyeyusha madoa ya moshi.

Kwa meza ya huku napendekeza mapigano ya Kondoa-Irangi, Mei 1916, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, dhidi ya van Deventer, jenerali wa Afrika Kusini upande wa Waingereza. Askari wa upande wa Wajerumani wape kaki, tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na vitambaa vya buluu iliyofifia miguuni. Wengine bado walibeba bunduki za mfano wa 1871, za baruti yenye moshi mwingi, kwa hiyo kipande cha pamba mbele ya safu iliyofyatua si urembo tu.

Umbo bapa halina kivuli chake, unakichora wewe. Chagua mwanga utoke juu kushoto kwa kikosi kizima. Upande wa nyuma ndipo watu hukosea: ukimgeuza askari, mwanga bado utoke kushoto kwako, la sivyo nusu ya kikosi itaonekana imesimama chini ya jua jingine. Akriliki hukauka brashini kabla haijafika shavuni, basi weka rangi juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji yenye maji. Tone moja la glisarini kwa kijiko cha chai cha rangi husaidia. Matatu, na rangi itanata vidoleni hadi kesho.

Vanishi isiyong'aa ipulizie asubuhi, upepo haujaamka. Mchana wenye joto hukauka hewani na kutua kama unga. Kitako cha mm 20 kwa 20 kipake gundi nyeupe, unyunyizie udongo mwekundu uliochujwa kwa chujio cha chai. Majani makavu ni nyuzi za katani za mm 5, zilizosimamishwa kwa kibanio gundi ikiwa bado mbichi.