"Hiyo Si Ipo Kwenye Baiolojia?"

Taja elimu ya afya ya uzazi na mahusiano mbele ya walimu, lazima mmoja aulize: "Hiyo si ipo kwenye Baiolojia?" Ipo. Ndipo tabu inapoanzia. Kwenye Baiolojia kuna ovari, korodani na mchoro wa kujaza majina. Hakuna bodaboda anayempeleka binti shule bure wiki nzima, kisha Ijumaa anadai chake. Tena uzazi kwa undani unasubiri sekondari, wakati wapo waliovunja ungo darasa la tano.

Basi elimu hii igawanywe kwenye masomo yote. Jiografia na Historia mtaona wenyewe pa kuichomeka.

Hisabati ndiyo inayochekwa, na ndiyo inayohitajika kuliko zote. Ile imani kwamba yai hutoka "siku ya 14" tangu hedhi ianze imeshazalisha watoto wengi. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi *inayofuata*; haihesabiwi kutoka hedhi iliyopita. Kwenye mzunguko wa siku 28 hesabu zote mbili zinaangukia siku moja, ndiyo maana kosa halionekani. Chukua mzunguko wa siku 35: yai linatoka karibu siku ya 21. Wa siku 24: siku ya 10, na kwa kuwa mbegu zinaweza kuishi mwilini hadi siku 5, hatari inaanza siku ya 5, hedhi yenyewe pengine haijakatika. Halafu liwekee darasa mizunguko sita ya binti wa kubuni: 24, 31, 27, 38, 26, 33. Wastani ni karibu 30, na unatuliza roho. Tofauti kati ya mrefu na mfupi ni siku 14, na hiyo ndiyo inayosema kweli: kwa umri wao, kalenda si kinga. Binti awe wa kubuni, nasisitiza. Mwalimu anayewauliza wanafunzi tarehe zao ameshaharibu somo.

Kiswahili: uandishi wa mazungumzo. Anzisha mazungumzo ya binti na yule bodaboda, yakatize pale anapoombwa "shukrani", darasa limalizie. Masharti mawili. Bodaboda abembeleze mara tatu, kila mara kwa hoja mpya, kwa sababu hapana ya kwanza kila mtu anaiweza. Wanakwama kwenye ya tatu. Na binti asiokolewe na mjomba anayetokea ghafla. Usipokataza hilo, nusu ya daftari zitajaa wajomba.

Uraia ndipo walimu wanapopasua jipu vibaya. Wanasema "chini ya miaka 18 ni kosa" na kufunga kitabu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kweli haitambui ridhaa ya ngono ya msichana wa chini ya miaka 18, ila ikamwacha nje mke wa miaka 15 na zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vya Sheria ya Ndoa vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaafiki 2019. Wanafunzi wanaijua mikanganyiko hii kutoka mtaani kwao, hivyo ukiificha wanakuona mwongo. Pale ninapoyumba ni swali la wawili wa miaka 16 wanaokaa dawati moja. Jibu la sheria linatamkika. La malezi, kila ninalolijaribu ama linatisha ama linaruhusu.

Na kugawa kwenyewe nina wasiwasi nako. Kitu cha wote hakifundishwi na yeyote, hasa kisipotungiwa swali la NECTA, Baraza la Mitihani. Dawa ninayoiamini kidogo ni mwalimu wa taaluma kuandika ukurasa mmoja: mada, darasa, somo, wiki, jina la mwalimu. Kisha iingie kwenye azimio la kazi la kila somo. Ikibaki waraka wa pembeni, imekufa.

Sanduku la maswali: kila mwanafunzi aandike, asiye na swali aandike "sina", ili anayeandika asijulikane. Yasome kabla ya kipindi, usiyafungue mbele yao. Ukikuta karatasi inayoashiria kubakwa, usiisome darasani wala usitafute mwandiko wa nani. Siku hiyohiyo litangazie darasa zima: mwalimu wa malezi yupo wapi na saa ngapi, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, simu ya msaada kwa watoto 116, na kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72 tangu tukio.