Haramia ni nani hasa, na manowari inamfanya nini

Mvuvi wa Kojani, Pemba, akirudi kutoka dago, kambi ya wavuvi, bila mashine ya boti, hatasema ameporwa kwa silaha ndani ya maji ya nchi. Atasema maharamia walimvamia usiku nje ya Misali, wakachukua mashine, nyavu na simu, wakamwachia kasia. Bandarini Wete kila mtu atamwelewa, na mimi namwelewa. Sheria ya bahari ndiyo haimwelewi hivyo. Kwake wale ni majambazi waliokutwa majini, si maharamia, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani ana haki ya kwenda kuwakamata.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, kutoka mzizi ule ule wa haramu: mtu wa mali ya haramu, yaani mwizi au mnyang'anyi. Bahari haikuwemo ndani yake. Ndiyo maana hatuoni tabu kumwita haramia hata mtu anayerudufu taarabu za wenzake na kuziuza bila ruhusa.

Sheria imelibana zaidi. Ibara ya 101 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 inasema uharamia ni ukatili, kuteka au kupora kunakofanywa kwa manufaa binafsi na watu wa chombo kimoja dhidi ya chombo kingine, kwenye bahari kuu. Kila kipande cha sentensi hiyo kina uzito wake. Tuanze na bahari kuu. Kutoka ufukweni hadi maili 12 za baharini, kama kilomita 22, ni bahari ya nchi, na mwizi aliyemo humo ni wa nchi hiyo peke yake. Kutoka hapo hadi maili 200 nchi ina haki ya samaki na gesi, lakini kwa suala la uharamia maji hayo huhesabiwa sawa na bahari kuu. Misali iko hapa hapa mbele ya Pemba, kwa hiyo mvuvi wetu hajafika huko.

Halafu vyombo viwili. Mwaka 1985 Wapalestina waliiteka meli ya Kiitaliano Achille Lauro, na wanasheria wakakwama: watekaji walipanda kama abiria, hakukuwa na chombo cha pili, na walilotaka ni la kisiasa. Ilibidi mkataba mwingine uandikwe, wa mwaka 1988, kuziba pengo hilo. Mzozo wa namna hiyo ulirudi Novemba 2023, Wahouthi wa Yemen walipoiteka meli ya Galaxy Leader kwa helikopta katika Bahari ya Shamu. Je, hayo ni manufaa binafsi au ni vita? Wataalamu bado wanavutana. Na kabla hujauliza: anayevusha karafuu usiku kutoka Pemba kwenda Kenya si haramia hata kidogo. Huyo ni mtu wa magendo, na ana sheria zake.

Mbona watu wanagombania mstari huu? Kwa sababu haramia, tofauti na mwizi wa kawaida, ni adui wa kila nchi. Akikutwa bahari kuu, manowari ya taifa lolote inaweza kumkamata, kuzuia chombo chake na kumpeleka kwenye mahakama za taifa hilo, hata kama yeye, meli aliyoivamia na bahari yenyewe havina uhusiano nalo. Sharti ni kwamba mkamataji awe manowari, ndege ya kijeshi au chombo cha serikali chenye alama za wazi. Tajiri mwenye boti na bunduki hana ruhusa hiyo.

Sasa manowari yenyewe. Sisi Wazanzibari tunayo picha moja ya nguvu za majini: tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zikilipiga mizinga kasri la Sultani hapo mbele ya bandari, vita vikamalizika kabla saa moja haijatimia. Picha hiyo haitusaidii hapa. Haramia wa Kisomali hakuwa na ngome ya kupigwa. Alikuja na boti mbili ndogo za faiba zenye mashine za nguvu, watu watano sita kila moja, bunduki, na ngazi ndefu yenye ndoano. Tangu aonekane mpaka awe juu ya meli huweza kupita robo saa tu. Fanya hesabu: manowari iko maili 30 kutoka hapo, inakwenda maili 25 kwa saa. Itafika baada ya saa moja na dakika 12, na itakuta nahodha ameshawekewa bunduki kichwani. Helikopta inayoruka kutoka juu ya manowari hiyo hiyo kwa maili 120 kwa saa itafika kwa dakika 15. Mzinga mkubwa hapo haukuongezei kitu. Kinachotakiwa ni helikopta, ndege za doria, rada na taarifa inayofika mapema.

Haramia akishapanda, nguvu hupungua thamani zaidi. Septemba 2008 meli ya MV Faina, iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33, ilitekwa. Manowari za Marekani ziliizunguka na kuitazama, lakini kuivamia ingekuwa kuhatarisha roho za mabaharia. Iliachiwa Februari 2009, baada ya fidia kulipwa. Novemba ya mwaka ule ule wa 2008, Sirius Star, meli ya mafuta ya Wasaudia yenye urefu wa mita 330 hivi, ilitekwa kama maili 450 kusini mashariki ya Mombasa. Ndipo tulipofahamu kwamba mambo haya si ya Ghuba ya Aden peke yake.

Dunia ilileta meli. Umoja wa Ulaya ulianza operesheni ya Atalanta Desemba 2008, Marekani na washirika wake wakaunda kikosi chao Januari 2009, NATO nayo ikaja, na China, India na Urusi zikatuma zao. Walitenga njia maalum katika Ghuba ya Aden, meli za biashara zipite kwa makundi chini ya ulinzi. Maharamia nao wakahama. Waliteka majahazi na meli za uvuvi, wakazigeuza mama wa boti zao, wakaweza kukaa baharini wiki nzima na kushuka hadi kwetu. Oktoba 2011, karibu na Mafia, wanajeshi wa Tanzania waliwakamata watu saba baada ya shambulio dhidi ya meli ya kutafuta mafuta. Mwaka huo mashambulio yaliyohesabiwa kuwa ya Wasomali yalikuwa 237. Mwaka 2012 yakawa 75, na 2013 yakabaki 15.

Sifa nyingi wamepewa wanamaji. Mimi nusu yake naipa seng'enge. Meli za biashara zilijifunza kuzungushia kingo zake seng'enge, kuongeza mwendo, kuandaa chumba cha chuma cha kujifungia mabaharia wote, na kupakia walinzi wenye silaha. Haramia ni mfanyabiashara: safari ikianza kula mtaji, anaacha.

Tatizo jingine lilikuwa mahakama. Mwanzoni manowari nyingi zilikamata watu, zikawanyang'anya silaha na kuwaachia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwashitaki. Kenya na Shelisheli zilikubali, na baadhi yao wakaishia gereza la Shimo la Tewa, Mombasa. Kanuni za Djibouti za mwaka 2009, makubaliano ya nchi za ukanda huu ya kupambana na uharamia, ziliongeza vituo vitatu vya kupashana habari: Sana'a, Mombasa na Dar es Salaam.

Kwetu, mwaka 2015 Kamandi ya Wanamaji ilipata meli za doria Mwitongo na Msoga kutoka China. Eneo la kiuchumi la bahari la Tanzania linapita kilomita za mraba laki mbili. KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo cha Zanzibar, wenye makao yao Kibweni, kazi yao ni mwambao na magendo.

Bahari yenyewe nayo hushika doria. Kusi likivuma kwa nguvu, boti ya faiba haikai bahari kuu, na mashambulio hupungua. Haramia hupenda tanga mbili na kaskazi la upole. Mwishoni mwa 2023, wakati macho ya wanamaji yakiwa Bahari ya Shamu, maharamia wa Kisomali walirudi na kuiteka meli ya MV Ruen, wakaifanya mama wa boti zao. Machi 2024 jeshi la majini la India liliifuata kwa takriban saa 40, likadondosha makomandoo kwa miamvuli, maharamia 35 wakasalimu amri na mabaharia 17 wakatoka salama.

Mashine ya yule mvuvi wa Kojani haitatumiwa manowari. Hiyo ni jalada la polisi, boti ya KMKM, na namba iliyochongwa ubavuni mwa mashine, kama aliinakili.